Tulivyochagua Medicare bila wakala: OSHIIP ya Ohio, nilivyoiona

Tangu mume wangu, Baba Salma, apate mwaka jana kadi yake ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, simu yangu haitulii. Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hapa Columbus, ama wenyewe wanakaribia miaka 65 ama wazazi wao, wote swali lao moja: "Mama Salma, mlitumia wakala gani wa bima?" Hatukutumia wakala. Tulikwenda OSHIIP, huduma ya ushauri iliyo chini ya idara ya bima ya jimbo la Ohio, na hailipishi hata senti. Naandika yote hapa ili mtu akiniuliza tena nimtumie hii nirudi kwenye shughuli zangu.

Hali yetu ilikuwa hivi. Mimi nina miaka 63 na nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Kampuni ni ndogo, mwenye nayo anatujua wote kwa majina. Nimekatwa kodi ya Social Security, ile hifadhi ya jamii ya serikali, miaka mingi kuliko inayohitajika. Mzee wangu alikuwa mwalimu Tanga, akanifuata huku ukubwani, akafanya kazi ghalani miaka minne hivi, mgongo ukamkatalia. Ana kisukari cha kuchoma sindano, ana presha, na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Alikuwa ndani ya bima ya kazini kwangu. Agosti 2025 alikuwa anatimiza 65.

Kichwani mwake mzee bima ni NHIF, bima ya afya ya taifa kule Tanzania. Mwalimu anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza nyingine 3, unapewa kadi, unakwenda nayo hospitali ya Bombo, basi. Kumwambia kwamba bima ya wazee wa Marekani ina herufi nne, na kwamba baadhi unazipata, nyingine unazinunua, na moja inameza zile nyingine, lilikuwa jambo la kumuudhi tu. "Nchi imepeleka watu mwezini," alisema, "imeshindwa kutengeneza kadi moja?"

Kwa ufupi, kwa wasiojua: Sehemu A ni ya kulazwa hospitali. Sehemu B ni ya madaktari, vipimo na matibabu ya kutolazwa, nayo inalipiwa kila mwezi. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185, mwaka huu wa 2026 ni 202.90. Sehemu D ni dawa, unainunua kwa kampuni binafsi. Sehemu C, ndiyo hiyo wanayoiita Medicare Advantage, ni kampuni binafsi kuchukua A na B zako na mara nyingi D, ikazifunga pamoja kwa masharti yake yenyewe. Halafu ipo Medigap, bima ya pembeni ya kuziba yale ambayo A na B hazilipi. Huwezi kuwa na Medigap na Advantage kwa pamoja. Hapo ndipo njia panda ilipo, na ndipo mawakala wanapokusubiri.

Wa kwetu alitupata mapema. Kijana mzuri, Kiswahili safi, shikamoo ya kuinama kabisa, akaniita mama na mzee akamwita baba. Kampuni yake siitaji. Alikuja na fomu, kwa sababu sheria inadai mteja asaini kwanza kwamba amekubali kuzungumzia mambo hayo, na akatandaza karatasi mezani: ada ya mwezi sifuri, meno, miwani, na kadi ya kununulia vyakula. Mzee kusikia kadi ya vyakula macho yakang'aa. Nikamwuliza yule kijana kama dawa za mzee zimo. Akasema, "Zimo, mama, hizi bima zina dawa zote." Hakuuliza hata jina la dawa moja. Hakuuliza mzee ana miaka mingapi ya kazi, wala kazini kwangu tuko wangapi. Chai alikunywa, sambusa alikula, na kabla ya kuondoka alitaka mzee atie sahihi.

Sikuwa na hoja ya kumpinga, ila roho yangu haikutulia. Nimetunza wazee wa Kimarekani muda wa kutosha kujua kwamba watoto wao, watu waliosoma, hukaa na hizi karatasi jikoni hadi usiku wanakuna vichwa. Sasa sisi imekuwaje tumalize kwa kikombe kimoja cha chai? Nikamwambia tutamjulisha. Mmoja wa wazee ninaowahudumia ndiye aliyenielekeza OSHIIP.

Unapiga simu, unaeleza unataka nini, unapangiwa mshauri, ama kwa simu ama ana kwa ana. Sisi tuliomba ana kwa ana, tukakutana na mshauri wetu kwenye chumba kidogo cha maktaba. Alikuwa mama mstaafu, miwani inaning'inia shingoni, anajitolea. Washauri wengi wa huduma hii ni watu wa kujitolea waliofundishwa kazi na jimbo. Alimwita mzee kwa jina lake la kwanza, hivi hivi, na mzee akakunja uso. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ndivyo walivyo, hana dharau.

Kuhusu lugha: huduma hizi zinaendeshwa kwa fedha za serikali kuu, na anayepokea fedha hizo hana budi kukupatia mkalimani bila malipo ukihitaji. Sema mapema unapopanga miadi, taja Kiswahili. Mimi nilimtafsiria mzee mwenyewe, lakini kama ni mtoto wako wa miaka kumi na tano ndiye unayemtegemea, muombe mkalimani. Mambo ya bima si ya kumtwisha mtoto.

Sasa kilichonifanya niandike haya yote. Yule mama hakuanza na bima yoyote. Karatasi yake ilikuwa tupu. Alianza kuuliza.

La kwanza: mzee ana miaka mingapi ya kazi Marekani? Tukamwambia. Hapo moyo ulinidunda, maana kuna ndugu yetu mmoja hapa mjini ambaye mama yake, kwa kutofanya kazi nchi hii, analipia Sehemu A kila mwezi, na mwaka 2025 asiyefikisha robo 30 za kazi (robo mwaka, yaani miaka saba na nusu) alitozwa dola 518 kwa mwezi kwa hiyo A peke yake. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa pigo hilo. Yule mama akanigeukia mimi: "Na wewe una miaka mingapi?" Nikamwambia 63. "Umefanya kazi miaka kumi au zaidi?" Zaidi. Akaandika alama ya vema. Mume au mke anaweza kupata Sehemu A bila ada kwa rekodi ya mwenzake aliyefikisha robo 40, yaani miaka kumi ya kazi, mradi huyo mwenzake ametimiza angalau 62 na ndoa yao ina angalau mwaka. Ningekuwa na 61, mzee angelipa au angesubiri. Dola 518 kila mwezi zikayeyuka kwa swali la umri wangu, ambao kwa kawaida sipendi kuulizwa.

La pili: kazini kwako mko wafanyakazi wangapi? Nikashangaa, inahusu nini? Nikamwambia kumi na kitu. Akaweka kalamu chini. Hapa msikitini kwetu na kanisani kwa jirani zetu watu wote wanaambiana kwamba kama mwenzako ana bima kazini, huna haraka ya kuchukua Sehemu B. Hilo ni kweli kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi: unaweza kuchelewesha B bila adhabu, na kazi ikiisha una miezi minane ya kujiandikisha. Lakini mwajiri akiwa chini ya 20, Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, na bima ya kazini inakuja nyuma yake. Ukiwa huna Medicare, hiyo bima ya kazini ina haki ya kukataa kulipa fungu ambalo Medicare ingelilipa. Mzee angelazwa Septemba, bili ingetujia sisi. Isitoshe, anayechelewa B bila sababu inayokubalika anaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida haimwachi maisha yake yote.

Yule kijana wa sambusa hakuwa na haja na maswali haya. Hayakuwa kwenye fomu yake. Sisemi mawakala wote ni waongo, msininukuu vibaya. Wana leseni, wapo wazuri, na bei ya bima ni ileile ukipita kwao au usipopita. Lakini serikali yenyewe inatangaza kiwango cha juu cha kamisheni yao: kwa mwaka 2025, katika majimbo mengi, ilikuwa hadi dola 626 kwa mteja mpya wa Advantage na 313 kwa kila mwaka anaobaki. Mshauri wa OSHIIP hapati chochote ukichagua hiki au kile, wala haruhusiwi kuuza.

Baada ya hapo ndipo akauliza dawa. Nilikuwa nimebeba mfuko wa plastiki na maboksi yenyewe, si orodha, na akanisifu kwa hilo. Alivaa miwani akasoma boksi moja moja: jina, nguvu ya dawa, vidonge vingapi kwa mwezi. Kwenye insulini akauliza ni ya kalamu au ya chupa, kwa sababu hata hilo linabadilisha matokeo. Akakuta boksi la dawa ya presha la nguvu ya zamani, mzee hakuwa amelitupa, akaliweka kando. Vyote akaviingiza kwenye tovuti ya Medicare, pamoja na majina ya maduka ya dawa tunayotumia sisi Cleveland Avenue, kisha akageuza skrini tuone. Orodha ya mipango ya Sehemu D ikajipanga kwa jumla ya tutakacholipa mwaka mzima, ada na dawa pamoja. Mpango uliokuwa na ada ndogo kuliko yote haukuwa juu. Ulikuwa chini huko, kwa sababu ya ile dawa moja ya damu. Na mpango uleule kwenye duka la dawa la upande wa pili wa barabara ulitoa jumla nyingine. Mzee, mwalimu wa hesabu, ndipo alipoacha kununa. Akavuta kiti mbele akaanza kuuliza mwenyewe.

Mtu yeyote anaweza kuitumia tovuti hiyo bila kuwa na akaunti. Lakini nakwambia, kukaa na mtu anayejua wapi pa kubonyeza na nini cha kupuuza ni kitu kingine. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba insulini iliyomo kwenye mpango haiwezi kuzidi dola 35 kwa mwezi, na kwamba tangu 2025 kuna kikomo cha mwaka cha fedha anazotoa mgonjwa mfukoni kwa dawa za Sehemu D: dola 2,000 mwaka huo, 2,100 mwaka huu. Pia alitupima kama tunastahili Extra Help, msaada wa serikali kwa gharama za dawa kwa wenye kipato kidogo. Tulivuka kiwango. Wengine wengi katika jamii yetu hawavuki, ila hawajawahi kuuliza.

Tukafika njia panda. Advantage alitueleza kwa haki kabisa, sikusikia kebehi. Ina kikomo cha matumizi ya mwaka, ambacho A na B zenyewe hazina. Sheria kwa 2025 iliruhusu kikomo hicho kifike hadi dola 9,350 kwa madaktari wenye mkataba nao. Meno na miwani ni kweli. Lakini unabanwa kwa madaktari wao, vipimo vingine vinasubiri kibali, na ukitoka nje ya eneo lao kwa zaidi ya miezi sita mfululizo wanakuondoa. Mzee akikaa Tanga harudi kwa tiketi, anarudi kwa hamu yake. Hilo la miezi sita lilimgusa.

Upande wa Medigap, akafungua jedwali la herufi, maana Medigap nayo ina mipango yake ya herufi, na kidole kikasimama kwenye G. Mpango G unalipa karibu kila kitu ambacho A na B zinakuachia, isipokuwa lile fungu la kwanza la mwaka la Sehemu B, lililokuwa dola 257 mwaka 2025. Na kwa dharura nje ya Marekani, ambako Medicare yenyewe kwa kawaida hailipi kitu, G inalipa asilimia 80 baada ya wewe kutoa dola 250, kwa dharura iliyoanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na jumla isizidi dola 50,000 maisha yako yote. Mzee akataka nimtafsirie tena. "Kwa hiyo siku ya 61 nisiumwe?" Yule mama akacheka mpaka akavua miwani.

Na hapa akatupa jambo ambalo naomba mlishike wenye kisukari. Miezi sita ya kwanza tangu Sehemu B yako ianze ukiwa umetimiza 65, kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Ikipita, katika majimbo mengi, Ohio likiwemo, wanaweza kukuuliza afya yako na kukukatalia, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa kisheria. Mtu anaweza kuingia Advantage leo kwa ajili ya miwani, na baada ya miaka mitano akitaka kuhamia Medigap akakuta mlango umefungwa.

Mzee akamwuliza moja kwa moja: "Ungekuwa mimi, ungechukua ipi?" Akajibu kwamba hilo si lake. Hawaruhusiwi kukuchagulia wala kukusukuma kwa kampuni fulani. Mzee hakulipenda jibu hilo. Kwetu ukimwendea fundi unataka akwambie nunua hiki. Mimi nililielewa zaidi njiani, ila nakubali kwamba kwa mtu anayetaka kuambiwa tu afanye nini, huduma hii itamwacha na karatasi zake mkononi. Pia hawakujazii maombi ya Sehemu A na B. Hayo ni ya Social Security.

Na huko Social Security jiandaeni. Kwa kuwa mzee alipitia rekodi yangu, walitaka cheti cha ndoa, tena chenyewe au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyokitoa. Fotokopi hawaitaki. Cheti chetu kilikuwa kwenye sanduku kwa dada yangu Chumbageni, Tanga. Kama yule mama asingetutajia hilo mapema, tungekuwa tunakifuatilia Agosti yenyewe. Dirisha la kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ukimaliza kabla ya mwezi wako, bima inaanza mwezi huo. Mzee ilimwanzia Agosti mosi.

Alichukua A, B, Mpango G na D iliyokuwa juu ya ile orodha. Ndiyo, analipa zaidi kila mwezi kuliko ile sifuri ya kijana. Lakini kumtoa kwenye bima ya kazini kwangu kumepunguza makato yangu, na tukijumlisha tofauti si kubwa kama nilivyoogopa. Kitu kimoja kilimshtua: kwa kuwa hapokei pensheni ya Social Security, ada ya B haikatwi popote, inakuja kama bili ya miezi mitatu. Bahasha ya kwanza ilisema dola 555. Alidhani tumetapeliwa.

Oktoba tulirudi kwa yule mama. Kila mwaka kabla ya mwisho wa Septemba mpango wa dawa unatuma barua ya mabadiliko, na kati ya Oktoba 15 na Desemba 7 unaweza kubadili ili uanze na mpya Januari. Barua ya mzee ilikuwa ndefu, nami ningeitupa na matangazo mengine. Tukaingiza dawa upya, orodha ikajipanga upya, tukahama. Msimu huo ndio wenye watu wengi kuliko wote, kwa hiyo piga simu Septemba.

Ukienda, beba maboksi ya dawa, kadi ya bima uliyonayo, majina ya madaktari wako, na jua idadi ya wafanyakazi kazini kwako au kwa mwenzako. Walio nje ya Ohio, kila jimbo lina huduma hii kwa jina lake, tangu sheria ya mwaka 1990: Texas na California wanaiita HICAP, Massachusetts SHINE, Washington SHIBA, Minnesota ni Senior LinkAge Line. Ukikwama, piga 1-800-633-4227, simu ya Medicare yenyewe, uulize ya jimbo lako. Namba ya kadi ya Medicare usimpe mtu aliyekupigia yeye.

Na wale wanaoniomba namba ya yule mama, siwezi kuwapa. Unapiga simu ofisini, nao wanakupangia mshauri aliye karibu na kwako.